Thomas Hardy: Mchana ramani, usiku mashairi

Umeshinda ofisini kutwa nzima, umerudi nyumbani hoi, na kwenye simu yako kuna hadithi uliyoianza Januari ambayo hadi leo haijafika ukurasa wa tatu. Watu wa nyumbani wanakuambia ushike kazi, hayo ya kuandika ni ya wenye pesa. Marafiki nao wanakuambia tema kazi, fuata ndoto. Sasa wewe usikilize nani?

Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, hebu keti nikupe kisa cha Thomas Hardy. Wengi wanamjua Mwingereza huyu kama mwandishi wa riwaya na mashairi. Wachache wanajua kwamba kwa takriban miaka 16 unga wake ulitoka kwenye kuchora majengo.

Alizaliwa Juni 2, 1840 katika kijiji cha Higher Bockhampton, eneo la Dorset, kusini mwa Uingereza. Babake alikuwa mwashi na mjenzi. Mamake, Jemima, alikuwa amewahi kufanya kazi za nyumbani kwa watu, na alikuwa mpenzi wa vitabu. Kijana alikuwa mkali darasani, lakini chuo kikuu kilibaki ndoto tu. Kwa hivyo mwaka wa 1856, akiwa na miaka 16, alipelekwa mji wa karibu wa Dorchester kujifunza usanifu majengo kwa John Hicks, aliyekuwa na kazi nyingi za kukarabati makanisa ya zamani.

Hapo ndipo ratiba yake ngumu ilianza. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, wakati mwingine hata saa kumi, akasoma Kilatini na Kigiriki hadi saa mbili, kisha akatembea kwenda kazini kushika rula na penseli. Hakuna mwalimu aliyemtuma. Aliona tu kwamba mlango wa chuo umefungwa, akaamua kuingilia dirishani.

Mwaka wa 1862 alihamia London na kuajiriwa na msanifu maarufu, Arthur Blomfield. Usidhani alikuwa akizembea kazini huku akili iko kwenye mashairi. La! Mwaka wa 1863 alishinda medali ya fedha ya taasisi ya wasanifu wa Uingereza kwa insha kuhusu matofali ya rangi na udongo wa kuchoma. Ofisi ilimwamini, na yeye alijua kazi yake.

Sasa angalia alivyotumia saa zilizobaki. Akishakula chakula cha mchana, alipitia kwenye jumba la kitaifa la sanaa kwa dakika 20 hivi, na kila siku alitazama kazi za mchoraji mmoja tu, basi. Jioni alijifungia chumbani akasoma kuanzia saa kumi na mbili hadi saa sita usiku. Katika miaka hiyo aliandika mashairi na kuyatuma kwa majarida. Yote yalirudi. Hakuna hata moja lililokubaliwa.

Unajua ni nini kilikubaliwa? Kichekesho kifupi kuhusu mtu anayejijengea nyumba na masaibu yanayomkuta, alichokiandika kuwachekesha wenzake wa ofisini. Kilichapishwa mwaka wa 1865 katika jarida la Chambers's, naye akalipwa. Yaani pesa yake ya kwanza ya uandishi ilitoka katika kile alichokijua kazini.

Ofisi ilimpa na mambo mazito zaidi. Reli mpya ilipokuwa ikipitishwa kwenye makaburi ya zamani ya kanisa la St Pancras, Blomfield alimtuma akasimamie ufukuaji wa maiti usiku, ili ufanywe kwa heshima. Kijana wa miaka ishirini na kitu, taa mkononi, majeneza yakitolewa ardhini. Kifo na makaburi havikutoka tena katika maandishi yake.

Lakini mwili si chuma. Kulala kidogo na kujifungia chumbani kulimdhoofisha, na mwaka wa 1867 alirudi kwao Dorset akiwa mgonjwa. Akaanza kumfanyia Hicks kazi kwa vipindi, na katikati akaandika riwaya yake ya kwanza. Wachapishaji hawakuitoa. Msomaji wa kampuni moja, mwandishi George Meredith, alimshauri aiweke kando na aandike nyingine yenye kisa kinachoshika zaidi. Riwaya ile haikuchapishwa kamwe.

Akaandika nyingine, Desperate Remedies. Safari hii mchapishaji alikubali, ila kwa masharti: mwandishi atoe pauni 75 mfukoni mwake. Hardy alikuwa na akiba ya pauni 123 pekee duniani. Akatoa. Kitabu kilitoka 1871 bila jina lake, na jarida moja kubwa likakirarua vibaya sana. Aliyasoma maneno yale akiwa njiani kurudi nyumbani, ameketi kwenye ngazi ya kuvukia ua wa shamba, akaona heri kufa. Baadaye alirudishiwa karibu pauni 60 kati ya zile 75. Hasara, lakini haikumlaza njaa. Kwa nini? Kwa sababu bado alikuwa na rula yake. Aliendelea kuchora makanisa na shule, na kitabu kilichofuata, Under the Greenwood Tree, akauza haki zake kwa pauni 30 tu mwaka wa 1872.

Kufikia hapo alikuwa karibu kukata tamaa. Aliyemzuia ni msichana mmoja.

Machi 1870 ofisi ilikuwa imemtuma mbali, Cornwall, kukagua kanisa bovu la kijiji cha St Juliot. Aliyemfungulia mlango katika nyumba ya kasisi ni Emma Gifford, shemeji ya kasisi huyo. Alikuwa mpanda farasi hodari, mchangamfu, na mpenzi wa vitabu. Walipendana. Emma alimnakilia mswada kwa mkono wake, na Hardy alipofikiria kubaki na usanifu pekee, ni Emma aliyemwandikia kumsihi ashikilie kalamu. Nyumbani kwao wenyewe hawakuwa na pesa za kuringia, lakini alimwamini.

Basi kibao kikageuka. Mwaka wa 1872, Hardy akiwa London akisaidia kuchora mipango ya shule, mchapishaji alitaka hadithi ya mfululizo kwa pauni 200. Akaandika A Pair of Blue Eyes, ambayo kijana wake ni msanifu anayekwenda Cornwall kukarabati kanisa na kukutana na msichana. Unaona alikoitoa! Mwisho wa mwaka huo Leslie Stephen, mhariri wa jarida la Cornhill, alimwomba hadithi nyingine. Hiyo ikawa Far from the Madding Crowd ya 1874, ikamletea pauni 400 na jina. Hapo ndipo aliweka rula chini. Septemba mwaka huohuo akamuoa Emma.

Hii hadithi ingeishia hapa ingekuwa tamu. Lakini haiishii hapa.

Miaka ilipita, vitabu vikaongezeka. Mwaka wa 1885 walihamia Max Gate, nyumba aliyoichora mwenyewe karibu na Dorchester, ikajengwa na babake na nduguye. Humo aliandika Tess (1891) na Jude (1895), kisa cha mwashi maskini anayetamani chuo kikuu. Jude kilizua zogo kwa jinsi kilivyoisema ndoa, na Emma mwenyewe hakukipenda. Hardy akaacha riwaya, akarudia mashairi aliyoanza nayo ujanani, na kuanzia 1898 akachapisha kitabu baada ya kitabu.

Mlango wa chumba chake cha kuandikia ulikuwa umefungwa muda mrefu mno. Hawakujaliwa watoto. Emma, ambaye naye alipenda kuandika, alihisi amesahaulika. Akahamia vyumba vya juu chini ya paa, wakawa wanaishi nyumba moja kama wapangaji. Novemba 27, 1912 akafariki.

Katika karatasi zake Hardy alikuta kumbukumbu za ujana alizoandika Emma, hadi siku zile za St Juliot. Alikuta pia maandishi machungu kumhusu yeye, akayachoma. Machi 1913, akiwa na miaka 72, alisafiri hadi Cornwall kule walikokutana. Akaandika mashairi ya kumlilia ambayo wahakiki wengi wanayahesabu kuwa kazi yake bora kabisa. Kisha akafanya jambo la kisanifu: akachora kibao cha ukumbusho wa Emma ili kiwekwe ndani ya kanisa lilelile. Mashairi mazuri, kibao kizuri, na mwenyewe hakuwepo kuyaona.

Alioa tena mwaka wa 1914, akaishi hadi Januari 11, 1928. Majivu yake yalizikwa Westminster Abbey, penye magwiji wa fasihi. Moyo wake ulizikwa Stinsford, kijijini kwao, katika kaburi la Emma.

Kwa hivyo ukiniuliza, usiiteme kazi yako leo. Hardy alisubiri hadi kalamu ikaweza kumlisha, na kazi yenyewe ilimpa makanisa, makaburi, waashi na hata mke wa kuandika habari zao. Lakini mzani wake ulikuwa na kitu cha tatu, nacho ndicho kilichomponyoka. Leo jioni andika ukurasa wako mmoja. Kisha funga daftari, utoke sebuleni umuulize yule anayekuamini siku yake imekuwaje, na umsikilize hadi amalize.