Jim Clark: Mkulima aliyeichukia Spa na kuishinda mara nne

KIJANA anayeketi leo mbele ya kompyuta, usukani wa plastiki mikononi, anaweza kuendesha gari la Lotus 49 katika barabara ya kale ya Spa-Francorchamps, Ubelgiji, jinsi ilivyokuwa mwaka wa 1967. Mchezo wa Grand Prix Legends, uliotolewa mwaka wa 1998, ndio uliowafungulia wengi mlango huo. Akikosea kona, gari hubingirika, naye hubonyeza kitufe na kuanza upya.

Dereva aliyeliendesha gari hilo kwa hakika hakuwa na kitufe cha aina hiyo. Aliitwa Jim Clark, raia wa Scotland, na ingawa aliibuka mshindi Spa miaka minne mfululizo, hakuna uwanja aliouchukia kama huo.

Clark alizaliwa Machi 4, 1936 katika kijiji cha Kilmany, akiwa kitindamimba na mwana wa kiume wa pekee baada ya mabinti wanne. Mnamo 1942 familia ilihamia shamba la Edington Mains, karibu na mpaka wa Scotland na England. Alipotimu umri wa miaka 16 aliacha masomo ili kushughulikia mifugo shambani. Wazazi wake hawakupendezwa hata kidogo na mashindano ya magari; ni marafiki zake waliomshawishi na kumpa magari ya kuendesha.

Marafiki hao ndio waliompeleka Spa mwaka wa 1958. Barabara ile ilikuwa ya umma, yenye urefu wa kilomita 14 hivi, ikipita kati ya mashamba na nyumba za watu kuelekea Malmedy na Stavelot. Hapakuwa na vyuma vya kuzuia gari lililopoteza mwelekeo. Palikuwa na miti, mitaro na kuta za mawe. Mvua ingeweza kunyesha upande mmoja ilhali upande wa pili ni jua kali. Pale Masta, dereva alilazimika kupinda katikati ya nyumba akiwa kwenye kasi ya juu kabisa. Katika mashindano hayo ya 1958, dereva Archie Scott Brown alipata ajali iliyomuua.

Miaka miwili baadaye Clark alirejea huko akiwa na timu ya Lotus ya Colin Chapman, katika mbio zake za pili za magari ya langalanga, yaani Formula One. Siku hiyo Chris Bristow na Alan Stacey walipoteza maisha. Stacey alikuwa mwenzake katika timu. Clark alimaliza wa tano na kujipatia alama zake za kwanza za ubingwa wa dunia, alama ambazo bila shaka hazikumfurahisha. Mwaka uliofuata, Monza nchini Italia, gari lake liligusana na la Mjerumani Wolfgang von Trips, aliyefariki pamoja na watazamaji zaidi ya 10.

Hata hivyo, ushindi wake wa kwanza wa langalanga aliupata papo hapo Spa, mwaka wa 1962, baada ya kuanza katika nafasi ya 12. Mwaka wa 1963 alianza wa nane, lakini kabla ya mzunguko wa kwanza kukamilika alikuwa mbele ya wote. Gia ya juu ilikuwa ikichomoka, ikabidi aishikilie kwa mkono mmoja huku akielekeza gari kwa mwingine. Mvua kubwa ilipofika, hakutetereka. Alimshinda Bruce McLaren kwa karibu dakika tano. Ushindi wa 1964 ulikuwa wa bahati, kwani waliomtangulia walikwama mwishoni, mmoja au mwingine akiishiwa na petroli au kupata hitilafu. Wa 1965 ulikuja tena katika mvua.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hofu haikumpunguzia Clark kasi. Ilimfanya awatoroke wenzake mapema, ili asiwe karibu na yeyote wakati mambo yanapoharibika.

Alitwaa ubingwa wa dunia mwaka wa 1963 na 1965, na mwaka huo wa pili akashinda pia Indianapolis 500 kule Marekani. Mnamo 1967 Lotus 49 ilifika Spa ikiwa gari jipya, lisilo na mabawa ya kulikandamiza barabarani. Clark aliweka muda bora zaidi wa kufuzu, kwa wastani wa zaidi ya kilomita 240 kwa saa. Mbioni, hitilafu za plagi zilimrudisha hadi nafasi ya sita.

Januari 1, 1968, alishinda Kyalami, Afrika Kusini. Huo ulikuwa ushindi wake wa 25, na kwao akaipita rekodi ya Juan Manuel Fangio. Haukufuatwa na mwingine wa langalanga. Aprili 7 mwaka huo, katika mbio za daraja la pili kule Hockenheim, Ujerumani, gari lake liliacha njia na kugonga miti. Inaaminika gurudumu la nyuma lilipoteza hewa. Alikuwa na umri wa miaka 32.

Langalanga iliiacha barabara ile ndefu ya Spa baada ya 1970. Uwanja ukafupishwa hadi kilomita saba hivi mwaka wa 1979. Masta sasa ni njia ya kawaida ya magari ya wenyeji, na anayetaka kuipita kwa kasi ya Clark hana budi kutumia kompyuta.

Clark alizikwa Chirnside, karibu na shamba lake. Kwenye jiwe la kaburi, ukulima umetajwa kabla ya ubingwa wa dunia. Katika mji jirani wa Duns kuna makavazi ya kumbukumbu yake.