Mechwart, mhandisi wa rola zilizoleta unga mweupe

WANAOPIKA chapati Nyamarambe, Kisii, huenda hawajawahi kulisikia jina la András Mechwart.

Alizaliwa 1834 mjini Schweinfurt, Bavaria. Mnamo 1859 aliajiriwa na Ábrahám Ganz, aliyemiliki kiwanda mjini Buda, Hungary, kilichosifika kwa magurudumu ya garimoshi ya chuma kigumu. Ganz alifariki 1867, na msukosuko wa uchumi wa 1873 ukakitikisa kiwanda.

Ndipo Mechwart alipougeukia unga. Mawe ya kusagia yalichakaa na kuhitaji kuchongwa upya. Rola za kauri za Friedrich Wegmann nazo hazikuhimili kishindo. Mwaka 1874, kwa chuma kile kile cha magurudumu, aliunda rola zenye mifereji ya mshazari. Mbili huzunguka kwa kasi tofauti, na nafasi baina yazo hurekebishwa: kwanza pana, kupasua punje, kisha finyu, kusaga kiini bila kuponda pumba.

Mechwart alifariki 1907, mwaka mmoja kabla ya Lord Delamere kuanzisha kampuni ya Unga nchini Kenya. Mashine za nyundo vijijini zingali zasaga mahindi, ila unga mweupe wa chapati ni kazi ya rola.