Greenwood LeFlore: Chifu aliyesaini watu wake wahame, yeye akabaki

Jimbo la Mississippi, Marekani, lina mji unaoitwa Greenwood, na mji huo ni makao makuu ya wilaya ya Leflore. Ukivuka Arkansas kuelekea magharibi unakuta jimbo la Oklahoma, ambalo nalo lina wilaya ya Le Flore, hiyo ikiandikwa kwa maneno mawili. Majina yote hayo yametoka kwenye familia moja, iliyoanzishwa na mfanyabiashara wa asili ya Kifaransa na mkewe wa kabila la Choctaw. Mtoto wao aliyevuma zaidi ni Greenwood LeFlore, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1800 na kufariki tarehe 31 Agosti 1865.

Baba yake, Louis LeFleur, aliishi kwa kuvusha mali. Alinunua ngozi za wanyama kutoka kwa Wachoctaw na kuwauzia bidhaa zilizotoka kwenye bandari za ghuba kusini. Kituo chake kilikuwa kwenye mwinuko ulio kando ya mto Pearl. Baadaye akahamia kwenye barabara ya Natchez Trace, iliyounganisha Natchez na Nashville, akafungua duka na nyumba ya wageni mahali palipokuja kuitwa French Camp. Eneo lilichaguliwa vizuri. Wachuuzi wa kaskazini walikuwa wakishusha shehena zao kwa mashua hadi Natchez, na kwa kuwa mashua hazikuweza kupandishwa dhidi ya mkondo, walirudi kwa miguu au kwa farasi wakiwa na fedha za mauzo mfukoni. Hapo njiani walihitaji chakula na mahali salama pa kulala.

Jina LeFleur limetokana na neno la Kifaransa lenye maana ya ua. Ipo simulizi ya kifamilia kwamba Louis alipewa jina hilo kwa sababu ya umahiri wake wa kucheza dansi, lakini simulizi za namna hii huzuka kirahisi kwenye familia zenye jina zuri. Kilicho wazi ni kwamba mtoto wake aliliandika LeFlore, na tangu hapo makarani wa serikali, makanisa na mahakama wakaliandika kila mmoja alivyolisikia.

Mama yake Greenwood aliitwa Rebecca Cravat. Baba wa Rebecca alikuwa Mfaransa na mama yake Mchoctaw, na inasimuliwa kuwa alikuwa mpwa wa Pushmataha, mmoja wa machifu wakubwa wa wakati huo. Kwa Wachoctaw, mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake. Mjomba ndiye aliyekuwa na sauti juu ya malezi, na cheo kilishuka kwa mtoto wa dada. Wasomaji wanaotoka kwenye jamii za ukoo wa mama wataelewa mara moja: jina la Kifaransa halikumpunguzia Greenwood chochote. Alikuwa Mchoctaw kamili kwa kuwa mama yake alikuwa Mchoctaw. Ni mtazamo wa watu wa nje uliokuja kumwita chotara.

Alipofika miaka 12 alichukuliwa na Meja John Donly, aliyesafirisha barua kwenye Natchez Trace, akapelekwa Nashville kusoma. Alirudi akijua Kiingereza na namna wazungu walivyoendesha biashara na sheria zao, akiwa pia amemwoa Rosa, binti wa Donly. Rosa alipofariki alimwoa Elizabeth Coody, mpwa wa John Ross, chifu wa Wacherokee. Huyo naye alifariki mapema, ndipo akamwoa Priscilla, mdogo wake Rosa.

Mwaka 1826 alichukua uongozi wa wilaya ya magharibi, mojawapo ya wilaya tatu za Wachoctaw, baada ya Robert Cole kuondolewa. Hakuwa na mzaha. Alipiga vita pombe kali iliyoletwa na wachuuzi, akapinga kisasi cha damu, akawafungulia milango wamisionari na shule zao. Kwa mtoto wa mwenye nyumba ya wageni kupiga marufuku pombe lilikuwa jambo la kushangaza kidogo, lakini huenda ndiye aliyeyajua madhara yake vizuri kuliko wengine.

Shida ilikuwa ardhi. Mwaka 1820, kwa mkataba wa Doak's Stand, Wachoctaw walikuwa wameshatoa sehemu kubwa ya nchi yao, pamoja na eneo alikozaliwa Greenwood. Msemaji wa Marekani kwenye mazungumzo hayo alikuwa Jenerali Andrew Jackson. Pale palipokuwa na kituo cha Louis kando ya mto Pearl pakajengwa mji mkuu wa Mississippi, ukaitwa Jackson.

Jackson alipokuwa rais mambo yalikwenda haraka. Januari 1830 jimbo la Mississippi lilitangaza kwamba sheria zake zitatawala nchi ya Wachoctaw na kuufuta uchifu. Mei mwaka huohuo Jackson alisaini sheria ya kuwahamisha watu wa asili kwenda magharibi ya mto Mississippi. Katikati ya msukosuko huo LeFlore alichaguliwa kuwa chifu wa Wachoctaw wote, jambo ambalo Mushulatubbee na wafuasi wake hawakulikubali, na pande hizo mbili zilikaribia kupigana.

Tarehe 27 Septemba 1830, kwenye kijito cha Dancing Rabbit, mkataba ulisainiwa. Wachoctaw waliachia takriban ekari milioni 11 na kukubali kuhama. LeFlore alikuwa miongoni mwa waliosaini. Kifungu cha 14 kilimruhusu Mchoctaw aliyependa kubaki kuwa raia wa jimbo: kila mkuu wa kaya angepata ekari 640, na nyongeza kwa ajili ya watoto wake, alimradi ajiandikishe na akae miaka mitano. Watetezi wa LeFlore husema aliona nchi itachukuliwa kwa vyovyote, hivyo akapigania kifungu hicho ili watu wake wapate pa kushika. Inawezekana. Ila William Ward, wakala wa serikali aliyepewa kazi ya kuwaandikisha, aliwazungusha na kuwafukuza, mpaka wakaandikwa wakuu wa kaya 69 tu. LeFlore alibaki na ardhi yake. Wengi waliotaka kubaki hawakupata hata ekari moja.

Watu wake walimvua uchifu na kumweka George W. Harkins, mtoto wa dada yake. Hata katika hasira yao hawakuacha utaratibu wa ukoo wa mama. Kuanzia 1831 maelfu waliondoka kwa makundi. Kundi la kwanza lilikutwa na theluji kali Arkansas likiwa na chakula na nguo haba, na mwaka uliofuata kipindupindu kikaongeza vifo. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu 2,500 hivi walikufa katika uhamisho huo.

LeFlore alitajirika. Alipata kufikisha takriban ekari 15,000 na watumwa 400, akalima pamba, akaingia baraza la wawakilishi la Mississippi na kisha seneti ya jimbo hilo. Utajiri huo ulitoka kwenye mikono ya Waafrika waliotumikishwa bila ujira, na hakuna namna ya kusimulia mafanikio yake ukaliruka jambo hilo.

Ukali wake wa kibiashara unaonekana kwenye ugomvi wa ghala. Alisafirisha pamba kupitia gati la John Williams kwenye mto Yazoo. Inasimuliwa kwamba siku moja alikuta marobota yake yameachwa nje yanyeshewe. Hakurudi tena. Alipanda mto hadi maungio ya Yalobusha na Tallahatchie, akajenga ghala na gati lake, Point Leflore, na njia ya kuleta mizigo kutoka vilimani. Point Leflore ilikuja kufa. Lile gati la Williams ndilo lililokua mji, na mwaka 1844 liliposajiliwa likapewa jina la mteja wake aliyekasirika: Greenwood.

Katika miaka ya 1850 alijenga jumba alilolipa jina la Malmaison, kwa kufuata kasri la Josephine, mke wa Napoleon, akaagiza samani kutoka Ufaransa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861 alikataa kuungana na majimbo ya Kusini yaliyojitenga, ingawa majirani zake wengi walikuwa upande huo na mali yake yote ilitegemea utumwa. Inasimuliwa kuwa alizikwa akiwa amefunikwa bendera ya Marekani. Malmaison iliteketea kwa moto mwaka 1942.

Anayefuatilia jina hili leo hukutana na tahajia tatu au nne, na jina pekee halimfikishi mbali. Weusi wengi wanaoitwa Leflore hawajui kama babu yao alikuwa wa damu ya familia hiyo au mtumwa wake. Taifa la Choctaw la Oklahoma linaangalia orodha za Dawes, zilizoandikwa kati ya 1898 na 1906 hivi, ambamo Wachoctaw kwa damu na watu walioachwa huru waliwekwa kwenye vitabu tofauti. Katiba ya taifa hilo ya 1983 inawapa uraia wazao wa kundi la kwanza tu. Wachoctaw wa Mississippi, waliotambuliwa rasmi 1945, wao wanadai angalau nusu ya damu. Rebecca alikuwa nusu, kwa hiyo mwanawe Greenwood alikuwa robo, na kwa kipimo hicho asingeandikwa.