DAKTARI LARREY NA MAGARI YA MAJERUHI

Katika historia twasoma sana habari za Napoleon na vita vyake, lakini wachache wamkumbuka daktari wake, Dominique-Jean Larrey. Napenda kuwaeleza habari zake, wasomaji wenzangu.

Larrey alizaliwa mwaka 1766 katika kijiji cha Beaudéan, Ufaransa. Alifiwa na baba angali mtoto, akalelewa na ami yake, daktari mpasuaji mjini Toulouse, akajifunza kazi kwake.

Mwaka 1792 aliingia jeshini. Zamani zile magari ya hospitali yaliamriwa kukaa mbali, kadiri ya kilomita 5, na majeruhi walingojea mpaka vita viishe. Wengi walikufa kwa kutokwa na damu. Larrey aliona jinsi mizinga ilivyokokotwa mbio na farasi, akafikiri kwamba daktari naye aweza kufika upesi vivyo hivyo. Akabuni magari mepesi yenye springi: madogo ya magurudumu 2, yaliyochukua majeruhi 2, na makubwa ya magurudumu 4, yaliyochukua 4.

Mimi lililonipendeza zaidi ni sakafu ya lile gari dogo. Ilitandikwa godoro, nayo ilitelezeshwa nje juu ya vigurudumu ikawa machela. Kwetu kijijini nimepata kuona mgonjwa akichukuliwa juu ya kitanda cha kamba, mabegani mwa watu wanne, akiugua kwa kila hatua; kwa hiyo naelewa thamani ya kigurudumu kidogo. Vitanda vya magurudumu vinavyoingizwa katika magari ya wagonjwa siku hizi vyafuata fikira ile ile.

Huko Misri alitumia ngamia, majeruhi wakilazwa katika matenga yaliyofungwa ubavuni. Tena aliagiza kwamba aliyeumia zaidi atibiwe kwanza, awe mkubwa au mdogo, rafiki au adui.

Mwaka 1812, katika vita vya Borodino huko Urusi, aliwakata viungo watu wapatao 200 kwa siku moja, na dawa ya nusukaputi ilikuwa haijapatikana. Jeshi liliporudi, watu walisongamana kuvuka daraja la mto Berezina, wengi wakafa. Askari walipomtambua Larrey walimwinua, wakampitisha juu ya vichwa vyao, mkono kwa mkono, hata ng'ambo.

Alifariki mwaka 1842 mjini Lyon. Yeye aliyewachukua wengine, siku ya shida naye alichukuliwa. Kweli, wema hauozi.