Korolev: alichimba dhahabu kama mufungwa, kiisha akafikisha mashini ku Mwezi

Ndugu zangu wa kazi ya shimo, mutu aliyefikisha mashini ya kwanza ku Mwezi alishapita mu mine. Ni Sergei Korolev, aliyezaliwa 1907 mu Zhytomyr, Ukraine. Alikuwa enjenyere wa roketi. Mwezi wa 6 1938, polisi ya Stalin ilimukamata kwa kosa la uongo. Akapigwa, akapelekwa Kolyma, mashariki ya mbali ya Urusi, kuchimba dhahabu. Sisi tunalalamikia vumbi na joto. Kule udongo wenyewe ni barafu. Chakula kilikuwa kidogo, ugonjwa ukamungoa meno mingi. Walimutoa ku mine, lakini alibaki mufungwa, akifanya kazi ya kuchora ndege, hadi 1944.

Njo mutu huyu aliongoza kazi ya Sputnik, tarehe 4 mwezi wa 10 1957. Mu 1959 Luna 2 iligonga Mwezi, kiisha Luna 3 ikapiga picha za ule upande wa nyuma ambao hatuuone toka Kolwezi wala popote duniani. Ndani hamukuwa mutu, paka mashini.

Sifa walipata wakubwa. Jina lake lilikuwa siri ya serikali. Hata magazeti hayakulitaja. Sisi wa sendika tunaijua ile tabia. Lilitangazwa kiisha kufa kwake ku operesheni, tarehe 14 mwezi wa 1 1966. Tarehe 3 mwezi wa 2, Luna 9 ikatua ku Mwezi bila kuvunjika. Tarehe 1 mwezi wa 3, Venera 3 ikaangukia Venus, ile nyota kubwa ya asubui.