Gauss, Mwana wa Maskini

Zamani katika mji wa Braunschweig, nchi ya Ujerumani, alikaa mtu mmoja aliyepata riziki yake kwa kutunza bustani na kujenga kuta. Mkewe, Dorothea, hakujua kuandika. Mwaka 1777 walipata mtoto mwanamume, wakamwita Carl Friedrich Gauss. Tarehe ya kuzaliwa kwake mama hakuiandika. Alikumbuka tu kwamba ilikuwa Jumatano, siku nane kabla ya Sikukuu ya Kupaa. Mtoto alipokuwa mtu mzima alipiga hesabu ya Pasaka za miaka yote, akaipata siku yake mwenyewe: 30 Aprili.

Husimuliwa kwamba alipokuwa bado mdogo shuleni, mwalimu wao, Bwana Büttner, aliwapa darasa zima hesabu ndefu. Wengi husema ilikuwa kujumlisha namba zote tangu 1 mpaka 100. Wenzake wakainamia vibao vyao, wakiongeza moja moja. Gauss aliandika jibu tu, akaweka kibao chake mezani. Alikuwa ameona kwamba 1 na 100 ni 101, 2 na 99 ni 101, na hivyo hivyo mpaka 50 na 51. Jozi ni 50, basi jumla ni 5,050.

Baba yake alitaka ashike kazi ya mikono. Lakini walimu walimsaidia, na mtawala wa Braunschweig akamlipia karo. Mwaka 1801, kwa hesabu zake, wataalamu waliiona tena Ceres, sayari ndogo iliyokuwa imewapotea angani. Tangu 1807 aliongoza nyumba ya kutazamia nyota huko Göttingen, na mama yake akaja kukaa naye mpaka alipofariki mwaka 1839. Gauss mwenyewe alifariki mwaka 1855.

Wenzangu, nilipokuwa Kidato cha Kwanza niliyaogopa mafumbo ya aljebra. Tuliulizwa: namba tatu zinazofuatana zina jumla ya 72, ni zipi? Mimi nikabahatisha mpaka kengele ikalia. Kumbe njia ni ile ile ya Gauss. Ya katikati tuiite x. Iliyotangulia ni x toa 1, inayofuata ni x jumlisha 1. Upungufu wa moja unafidiwa na ziada ya nyingine, zinabaki x tatu. Basi 3x ni 72, na x ni 24. Namba zenyewe ni 23, 24 na 25.

Wengi wetu tunasoma kwa karo ya watu wengine, na nyumbani wapo wasioweza kuzisoma barua zetu. Basi tusikimbilie kalamu kabla ya kulitazama swali. Gauss alitazama kwanza, ndipo akaandika.