Khayr al-Din Pasha wa Tunis

Baada ya hesabu za mwaka, tumeona vema kuwasimulia wazee na wanachama habari za mtu aliyeshika hazina ya nchi asiifanye mali yake.

Khayr al-Din alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1820 katika kabila la Waserkasi, kwenye milima ya Kaukazi. Angali mtoto aliuzwa utumwani Istanbul, na yapata mwaka 1839 akapelekwa Tunis kwa mtawala wake, Ahmad Bey. Huko alifunzwa dini, Kiarabu na mambo ya vita, akapanda vyeo jeshini.

Mwaka 1853 alitumwa Paris, na kazi yake kubwa huko ikawa kudai mali ya serikali aliyokimbia nayo Mahmud bin Ayyad. Daawa hiyo ilimweka huko miaka kadhaa, akapata kuyatazama mabunge, mabenki na shule za Wafaransa.

Aliporudi alifanywa Waziri wa Bahari, kisha mwaka 1861 Rais wa Baraza Kuu lililowekwa na katiba. Lakini mwenye nguvu serikalini alikuwa Mustafa Khaznadar, ambaye ndiye baba wa mkewe. Sisi makarani twajua ilivyo vigumu kumdai mkwe hesabu. Khayr al-Din alipoona Baraza halisikilizwi, alijiuzulu mwaka 1862. Mwaka uliofuata serikali ilikopa faranga milioni 35 huko Paris. Mwaka 1864 kodi ya kichwa iliongezwa maradufu, na raia wakaasi.

Katika faragha yake aliandika kitabu kilichochapishwa mwaka 1867. Alieleza humo kwamba Ulaya ilistawi kwa uadilifu na kwa sheria zinazomfunga hata mtawala, wala si haramu kwa Waislamu kuiga jambo jema.

Mwaka 1869 deni lilishinda nchi, wadai wa kigeni wakaingia kusimamia mapato. Hapo aliitwa tena, na mwaka 1873 akashika uwaziri mkuu mahali pa mkwewe. Aliwasamehe kodi kwa miaka 20 waliopanda mizeituni na mitende mipya. Mwaka 1875 alianzisha Chuo cha Sadiki, kilichofundisha Kurani pamoja na hesabu na lugha za kigeni. Gharama zake zilitoka katika mali iliyotwaliwa kwa Khaznadar na kuwekwa wakfu.

Aliondolewa mwaka 1877. Sultani alimwita Istanbul, akawa Waziri Mkuu wa dola yote kwa miezi michache, 1878 hadi 1879, akafia huko mwaka 1890. Ufaransa ilikuwa imekwisha itwaa Tunisia tangu 1881. Katika Chuo cha Sadiki ndiko alikosoma Habib Bourguiba, aliyeongoza nchi kupata uhuru mwaka 1956; na mwaka 1968 mabaki ya Khayr al-Din yalirudishwa Tunisia.